Fedha za Kuondokea: Matunzo, Mikopo na Ruzuku kwa Mwanamke Anayekimbia Ukatili wa Nyumbani Tanzania Bara, 1971–2024

Utangulizi

Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitoa hukumu ambayo wanasheria huitaja kwa kifupi kama shauri la Bi Hawa. Mahakama ya Mwanzo ilikuwa imemnyima mtalaka huyo fungu katika mali ya ndoa kwa hoja kwamba yeye alikuwa mke tu, na nyumba iliyobishaniwa ilinunuliwa kwa fedha za mume. Jaji Mkuu Francis Nyalali na majaji wenzake waliikataa hoja hiyo. Walieleza kwamba kupika, kufua, kulea watoto na kuitunza nyumba ni kazi, na kwamba kazi hiyo ni mchango katika kuchuma mali kwa maana ya Sheria ya Ndoa ya 1971. Hata hivyo, mwanamke aliyelifikisha shauri hilo kwenye mahakama ya juu kuliko zote nchini hakupata kitu. Mahakama iliona kwamba mume alikwisha kumpa fedha za kuendeshea biashara, naye akazitapanya. Kwa hiyo fungu lake lilihesabiwa kuwa limekwisha kutoka. Kanuni ilisimama, mdai akaondoka mikono mitupu.

Hukumu hiyo imejadiliwa sana katika taaluma ya sheria kama ushindi wa wanawake, na kwa haki. Haijatazamwa vya kutosha kama tukio katika historia ya fedha: je, mwanamke maskini anayetoka katika ndoa hutoka na nini mkononi, na hukipata wapi? Makala haya yanafuatilia swali hilo kwa Tanzania Bara tangu 1971, hasa kwa mwanamke anayetoka kwa sababu ya kipigo. Zanzibar imeachwa nje kwa kuwa Sheria ya Ndoa haitumiki huko, na mashauri ya ndoa ya Waislamu, ambao ndio wengi wa wakazi wake, husikilizwa na mahakama za Kadhi.

Hoja inayojengwa ni kwamba msaada wa fedha kwa wanawake wenye kipato duni ulipitia milango mitatu iliyofunguliwa kwa nyakati tofauti: mahakama, kikundi na kaya. Kila mlango ulimtambua mwanamke kwa mahali alipo, yaani kama mke wa fulani, mwanachama wa kikundi fulani, au mama wa kaya fulani. Anayekimbia ukatili hupoteza mahali hapo siku ileile anapokimbia. Ndiyo maana, kwa zaidi ya nusu karne, fedha ambayo imekuwa adimu kuliko zote ni ile ndogo ya siku za mwanzo: nauli, pango la chumba, na chakula cha watoto.

Mlango wa mahakama

Sheria ya Ndoa Na. 5 ya 1971 ilitanguliwa na Waraka wa Serikali Na. 1 wa 1969, uliopendekeza kuziweka chini ya paa moja ndoa za kimila, za Kiislamu, za Kikristo na za kiserikali. Kwa wakati wake ilikuwa sheria ya kijasiri. Kifungu cha 66 kilitamka kwamba hakuna mume wala mke mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Kifungu cha 63 kiliuweka wajibu wa mume kumtunza mke kwa makazi, mavazi na chakula kulingana na uwezo wake. Kifungu cha 114 kiliipa mahakama mamlaka ya kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja, kwa kuangalia mchango wa kila mmoja katika fedha, mali au kazi. Neno hilo la mwisho, kazi, ndilo lililowagawa majaji wa Mahakama Kuu kwa miaka kadhaa, wengine wakisema kazi za nyumbani zimo na wengine wakisema hazimo, hadi Mahakama ya Rufani ilipoukata mzozo.

Kifungu cha 66 hakikutaja adhabu. Aliyepigwa alilazimika kwenda kwenye sheria ya jinai, ambako matokeo mazuri kabisa aliyoweza kuyatarajia ni mume kutozwa faini au kufungwa. Katika nyumba yenye mchuma riziki mmoja, adhabu zote mbili hulipwa na chungu kilekile. Faini hutoka katika fedha za unga, na kifungo huondoa mshahara wenyewe. Jambo hili, ambalo kila mshauri wa sheria aliyewahi kukaa na wateja maskini analifahamu, linaeleza ukimya wa wanawake wengi vizuri zaidi kuliko maelezo ya kawaida kuhusu woga au mapokeo.

Sheria ilikuwa na njia ya fedha za haraka. Kifungu cha 115 kiliiruhusu mahakama kumwamuru mume alipe matunzo pale alipokataa au kupuuza kumtunza mkewe, na pia wakati shauri la ndoa likiendelea. Kwenye karatasi, mwanamke hakuhitaji kusubiri talaka ili ale. Lakini kabla ya kudai talaka alipaswa kwanza kupita katika Baraza la Usuluhishi la Ndoa na kupata hati kwamba usuluhishi umeshindikana, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa na sheria. Baraza, kama jina lake linavyoonyesha, kazi yake ni kurudisha watu pamoja. Mwenye majeraha na mwenye ngumi waliketi benchi moja, mara nyingi mbele ya wazee wanaomfahamu mume kuliko wanavyomfahamu mke aliyeolewa kutoka mbali. Wakati huo wote, nauli za kwenda na kurudi zilikuwa juu ya mlalamikaji.

Pembeni ya Sheria ya Ndoa zilibaki taratibu za zamani zilizohesabu fedha kwa upande wa pili. Tamko la Sheria za Mila la 1963, lililokusanya mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba, liliweka kanuni za kurudisha mahari ndoa inapovunjika, na kosa la mke lilizidisha deni. Kwa familia ya mfugaji wa Mara au Shinyanga, binti anayerudi nyumbani alikuwa na maana ya ng'ombe wanaoweza kudaiwa, na huenda ng'ombe hao walikwisha kutumika kumwolea kaka yake. Kwa hiyo baba aliyemwambia binti arudi kwa mumewe hakuwa lazima mtu mkatili, alikuwa mdaiwa. Katika jamii za Kiislamu za pwani hesabu ilikuwa nyingine: mke anayetoka bila idhini aliweza kuhesabiwa nashiza, na nafaka yake kusimama. Mila na fikihi zina misingi tofauti kabisa, lakini katika jambo hili zilikutana: kuondoka kuligharimu, na gharama ilimwangukia anayeondoka.

Kwa wanawake wasiokuwa na ndoa hali ilikuwa mbaya zaidi. Sheria ya kikoloni ya 1949 kuhusu matunzo ya watoto waliozaliwa nje ya ndoa iliweka ukomo wa shilingi 100 kwa mwezi. Ukomo huo ulipita enzi za mkoloni, uhuru, Azimio la Arusha, vita vya Kagera na kuporomoka kwa shilingi katika miaka ya 1980, ukafutwa tu kwa Sheria ya Mtoto ya 2009. Wakati huo shilingi 100 haikutosha kununua mkate. Ni vigumu kupata mfano mwingine wa kiwango cha fedha kilichosahauliwa ndani ya kitabu cha sheria kwa muda mrefu namna hiyo. Na pengine kilisahauliwa kwa sababu waliokihitaji hawakuwa watu wa kuandika barua kwa Bunge.

Mlango wa kikundi

Mgogoro wa uchumi wa miaka ya 1980 ulibadilisha chimbuko la fedha ndani ya nyumba. Mshahara wa mfanyakazi wa mjini uliporomoka kiasi kwamba haukutosha wiki ya kwanza ya mwezi, na wake waliokuwa wakitegemea mshahara huo waliingia katika maandazi, vitumbua, barafu, mkaa, kuku na ushonaji. Aili Mari Tripp, katika utafiti wake juu ya uchumi usio rasmi wa Dar es Salaam, alionyesha jinsi biashara hizo ndogo zilivyogeuka kuwa tegemeo la familia wakati sera ya serikali bado ikizitazama kwa mashaka. Pamoja nazo ulistawi upatu: wanawake kadhaa huchanga kiasi sawa kila wiki au kila mwezi, na mmoja hupokea chote kwa zamu.

Upatu unastahili nafasi kubwa katika historia hii kuliko inayopewa. Ulikuwa chombo cha kwanza ambacho mwanamke maskini aliweza kukitumia kukusanya fedha nyingi kwa mkupuo bila saini ya mume, bila benki na bila maswali. Zamu yenyewe ilikuwa na unyumbufu: mwenye dharura aliweza kuomba abadilishane na mwenzake, na kijumbe akakubali. Fedha iliyokaa kwa wenzake haikuweza kupekuliwa chini ya godoro wala kufunguliwa kwenye pindo la kanga. Hakuna daftari la serikali linaloonyesha ni wanawake wangapi walitoroka kwa zamu ya upatu, wala haliwezi kuwapo, maana siri ndiyo iliyokuwa faida yake.

Serikali na mashirika yalipoanza kukopesha wanawake katika miaka ya 1990, waliuchukua umbo la kikundi, lakini hawakuichukua siri yake. Mfuko wa Maendeleo ya Wanawake ulianzishwa, na taasisi kama PRIDE Tanzania zikaingia mijini na mikopo ya vikundi: watu watano watano, marejesho ya kila wiki, kila mmoja mdhamini wa mwenzake. Utaratibu huu ulileta mitaji ambayo benki zisingeitoa kwa mtu asiye na hati ya nyumba, na faida yake kwa maelfu ya wafanyabiashara wadogo si ya kubezwa. Ila dhamana ya pamoja ina sharti lisiloandikwa: usihame. Anayekosa mkutano huwaachia wenzake deni. Wenzake hao, kwa haki yao, humfuata nyumbani, na wakimkosa huchukua redio, meza au kitanda. Hivyo mwanamke anayekimbia kipigo usiku hukimbia pia marafiki zake wanne, watu ambao katika hali nyingine wangekuwa wa kwanza kumficha.

VICOBA, vilivyoenea tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa kufuata mfano ulioanzia Niger, vililegeza jambo hili kwa kiasi. Mtaji ni wa wanachama wenyewe, hununuliwa kwa hisa, na pembeni ya hisa kuna mfuko wa jamii unaotolewa bila riba au bila kurejeshwa. Mfuko huo ndio ulio karibu zaidi na fedha za kuondokea. Lakini sababu zinazotambuliwa na katiba za vikundi kwa kawaida ni msiba, ugonjwa, uzazi na majanga kama moto. Kipigo huingia kwa mlango wa nyuma, kikiitwa ugonjwa. Mwanachama aliyevunjwa mkono huchangiwa matibabu, kisha husindikizwa kwake.

Mwaka 2018 marekebisho ya Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa yaliilazimisha kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Huu ulikuwa wajibu wa kisheria, na kwa hiyo hatua kubwa kuliko ahadi zilizotangulia. Utoaji ulisitishwa 2023 baada ya kasoro za usimamizi na urejeshaji kubainika, ukarejeshwa 2024 kwa taratibu mpya. Sharti la msingi halikubadilika: kikundi kisajiliwe, wanachama wafahamike mahali wanapoishi, mradi uwepo. Mgeni aliyefika Temeke juzi kutoka Kahama na watoto watatu hana kikundi, hana mradi, na barua ya utambulisho ya mtendaji wa mtaa itamtaka aeleze alikotoka. Pengo hilo ndilo wanaloliziba wakopeshaji wa mtaani wa mikopo iitwayo kausha damu, ambao hawaulizi chochote isipokuwa tarehe ya kulipa.

Je, mkopo humkinga mwanamke na kipigo hata kabla hajafikiria kuondoka? Jibu bora linatoka Mwanza, katika utafiti wa MAISHA, ambao matokeo yake yalichapishwa 2019. Watafiti walichukua vikundi vya wanawake waliokuwa tayari wanakopa, wakavigawa kwa kura: baadhi vikapata mafunzo ya mfululizo kuhusu mahusiano na ukatili, vingine vikasubiri. Ukatili wa kimwili ulipungua kwa waliofunzwa. Linalopaswa kusisitizwa ni kwamba pande zote mbili zilikuwa na mikopo. Tofauti haikuletwa na fedha, bali na mazungumzo yaliyoongezwa juu ya fedha. Matokeo hayo hayasemi kwamba fedha haina maana. Yanasema kwamba fedha iliyobuniwa kwa ajili ya biashara hufanya kazi ya biashara.

Mlango wa kaya

Mlango wa tatu ulifunguliwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulioanza 2000 kwa kujenga madarasa na zahanati, kisha ukageukia kuwapa maskini fedha taslimu. Jaribio lilifanyika Bagamoyo, Kibaha na Chamwino, na kuanzia 2012 mpango wa kunusuru kaya maskini ulipanuliwa hadi kufikia kaya zaidi ya milioni moja ndani ya miaka michache. Kwa kawaida mpokeaji aliyeandikishwa alikuwa mwanamke. Uamuzi huo ulikuwa na msingi: fedha inayopita mikononi mwa mama huelekea zaidi kwenye daftari na sahani ya mtoto. Kwa wanawake wengi wa vijijini ruzuku hiyo ilikuwa fedha ya kwanza ya uhakika maishani, isiyotegemea mvua wala hisani ya mume.

Lakini jina lililoandikishwa ni la mpokeaji, na haki ni ya kaya. Kaya huteuliwa katika mkutano wa kijiji, huhakikiwa, na hulipwa mahali ilipo. Mpokeaji anapoondoka, ruzuku haimfuati kama mshahara wa mwalimu unavyomfuata anapohamishwa kituo. Muundo wa mpango haukukusudia kumfunga mtu, na kuulaumu kwa hilo kungekuwa kuusahau umaskini ambao uliundwa kuupunguza. Hata hivyo, matokeo yake ni kwamba fedha pekee ya umma inayomfikia mwanamke maskini kwa jina lake imefungwa kwenye nyumba anayotaka kutoka.

Jambo hilohilo linajitokeza katika mpango ulioandikwa mahususi dhidi ya ukatili. Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake na Watoto, MTAKUWWA, wa 2017/18 hadi 2021/22, uliweka uchumi wa kaya kuwa eneo lake la kwanza la utekelezaji. Kulitanguliza suala la uchumi kulikuwa maendeleo makubwa ukilinganisha na miaka ambapo ukatili ulichukuliwa kuwa suala la maadili na polisi pekee. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa 2005 ulikuwa umeonyesha ukubwa wa tatizo: miongoni mwa wanawake waliowahi kuwa na mwenzi, asilimia 41 Dar es Salaam na asilimia 56 katika mkoa wa Mbeya walikwisha kufanyiwa na mwenzi ukatili wa kimwili au wa kingono. Kwa takwimu kama hizo, kaya haiwezi kuchukuliwa kuwa chombo chenye maslahi mamoja. Kuiimarisha kaya kiuchumi na kumwimarisha mwanamke ndani yake ni mambo mawili ambayo wakati mwingine hupingana.

Huduma nyingine zilizokua sambamba zilipunguza gharama bila kutoa fedha. TAMWA, iliyoundwa 1987, na TAWLA, iliyofuata miaka michache baadaye, pamoja na vituo vya msaada wa sheria, viliondoa ada ya wakili kwa wanawake wengi. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ikaiingiza huduma hiyo, pamoja na wasaidizi wa kisheria wa vijijini, katika mfumo rasmi. Madawati ya jinsia na watoto katika vituo vya polisi yalimpa mlalamikaji chumba cha faragha na askari aliyefunzwa. Bado, kutoka dawatini hadi hospitali kwa ajili ya fomu namba tatu ya polisi, PF3, na kutoka hospitali hadi mahali pa kulala, mtu hupanda daladala au bodaboda, na dereva hulipwa papo hapo.

Fedha inayohama

Badiliko lililogusa tatizo la mahali halikutoka kwa wabunge wala kwa wafadhili. Mwaka 2008 huduma ya M-Pesa ilianza Tanzania, na mitandao mingine ikafuata. Haikubuniwa kwa ajili ya manusura wa ukatili. Lakini kwa mara ya kwanza fedha ya maskini iliweza kukaa mahali pasipo na mahali. Fungu la kikundi, mchango wa dada aliye mjini, hata nauli ya basi, viliweza kutumwa bila mtu kubisha hodi.

Athari yake katika matunzo ni ya kutazamwa kwa karibu. Kwa muda mrefu, mwanaume aliyeagizwa kutoa matunzo ya watoto aliyaleta mahakamani au ofisi ya ustawi wa jamii, na mama akaenda kuyachukua hapohapo. Kila malipo yalikuwa nafasi ya kuviziwa mlangoni, kubembelezwa au kutishwa. Matunzo yanapotumwa kwa simu hakuna mlango wa kusubiriana. Kinachobaki ni namba, na namba humfichua mtu kwa njia nyingine: laini imesajiliwa kwa jina, na anayemtumia fedha huliona jina hilo, simu yenyewe mara nyingi ilinunuliwa na mume, naye anaijua namba ya siri kwa sababu ndiye aliyeiweka. Wanawake wanaotaka kuweka akiba isiyojulikana huwa na laini ya pili, hufunga kadi yake ndogo katika kipande cha kitambaa, na kuichomeka kwenye simu ya jirani wanapohitaji kutoa. Huitoa kwa wakala wa mtaa mwingine, asiyemfahamu mume.